Mzee wa Kanisa, Acha Daftari Nyumbani

Katika vijiji vyetu kuna viongozi wa namna nyingi. Kuna mwenyekiti wa kijiji, kuna mtendaji, kuna wajumbe wa nyumba kumi, kuna viongozi wa mifereji ya maji. Tena kuna viongozi wa kanisa: mchungaji au padre, mwinjilisti au katekista, wazee wa kanisa, mashemasi na wenyeviti wa jumuiya. Leo nataka kusema juu ya hawa wa kanisa. Wao ndio wanaoingia katika nyumba za watu mara nyingi kuliko kiongozi mwingine yeyote. Mtu akiugua, wanafika. Mtoto akizaliwa, wanafika. Msiba ukitokea, wao ni wa kwanza kukaa kwenye mkeka.

Maoni yangu ni haya. Wengi wa viongozi hawa wanajua kusema, lakini hawajajifunza kusikiliza. Na kiongozi asiyesikiliza hupoteza watu, hata kama anahubiri vizuri, hata kama ni mwaminifu na hajagusa senti ya sadaka.

Msomaji ambaye ni Mwislamu asifunge kitabu. Msikiti nao una wazee wake na kamati yake, naye atajua mwenyewe ni lipi linamhusu.

Tuanze na hapa Ubaruku. Ubaruku iko katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kwenye bonde la Usangu. Hii ni nchi ya mpunga. Miaka ya 1970 shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China. Watu wakaja kutafuta kazi, na wengine wakaja kutafuta majaruba yao wenyewe. Ndiyo maana leo ukikaa kanisani Jumapili, kwenye benchi moja unaweza kukuta Msangu, Mbena, Mhehe, Mkinga, Mnyakyusa na Msukuma. Wote wanaimba wimbo mmoja. Lakini kila mmoja amekuja na desturi yake ya kusema na ya kunyamaza. Mtu mmoja akiudhika atasema hapo hapo, mbele ya wote. Mwingine akiudhika atanyamaza, na kule kunyamaza ndiyo maneno yake. Kiongozi asiyejua hivyo atadhani kwamba aliyenyamaza amekubali.

Mpunga nao una majira yake. Mwezi wa kwanza na wa pili watu wako kwenye matope, wanapandikiza. Fedha imekwenda kwenye kulimia, kwenye mbolea na kwa vibarua. Wengine wamekwisha kuuza mpunga ungali shambani, kwa bei ya chini, ili watoto wale. Mwezi wa sita na wa saba magunia yanajaa. Hapo kila mwenye kudai anakumbuka njia ya kwenda kwa mkulima: mwenye trekta, mwenye duka la pembejeo, na kanisa pia.

Sasa tumfikirie mama mmoja. Tusimpe jina, maana mama wa namna hii yuko katika kila kijiji. Mwaka jana hakukosa ibada. Alikuwa mwanakwaya. Aliahidi kutoa gunia moja la mpunga kwa ajili ya kuezeka kanisa. Mwaka huu haonekani. Wazee wawili wa kanisa wanatumwa kwake. Wanafika jioni na daftari la ahadi. Wanasalimia, wanaketi, wanaomba. Kisha mmoja anafungua daftari.

"Mama, jina lako lipo hapa. Gunia moja. Umefikia wapi?"

Mama anatazama chini. Anasema, "Nitaleta, baba."

Wazee wanashukuru, wanaandika, wanaondoka. Kwenye kikao wanatoa taarifa: tumemtembelea, hana tatizo, ameahidi kumaliza.

Taarifa hiyo si ya uongo. Mama alisema hivyo hivyo. Lakini wazee wale hawakusikia kitu. Hawakusikia kwamba maji hayakufika kwenye jaruba lake, maana yeye yuko mwisho wa mfereji. Hawakusikia kwamba mume wake alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, na sasa ni miezi minane hajaleta habari. Hawakusikia kwamba kwaya imeshona sare mpya, naye anaona haya kusimama na gauni la zamani katikati ya wenzake. Wangesikiaje? Walikuja na swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye daftari.

Baada ya muda wanaambiwa kwamba mama yule anasali kwenye kanisa jingine, lile dogo la mabati karibu na barabara. Mmoja anasema, amepotoshwa. Mwingine anasema, amefuata miujiza. Inawezekana. Lakini mimi nadhani huko alikuta mtu aliyemwuliza habari za nyumbani, kisha akangoja jibu.

Hebu tuangalie jinsi sisi wenyewe tunavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Habari za watoto?" "Nzuri." "Za kazi?" "Nzuri tu." Tunasema nzuri hata kama mtoto amelala na homa ndani. Hatudanganyi. Ni adabu. Mtu hawezi kummwagia mgeni shida zake kabla hajaketi. Lakini mgeni akitulia, akanywa maji, asiwe na haraka, basi utasikia: "Nzuri, ila..." Hapo kwenye neno hilo "ila" ndipo habari yenyewe inapoanza. "Nzuri, ila huyu mdogo hajala tangu juzi." "Nzuri, ila baba yao hatujui aliko." Kiongozi mwenye haraka huondoka kwenye "nzuri". Anayesikiliza hukaa mpaka afike kwenye "ila".

Hii ndiyo sababu nasema daftari libaki nyumbani. Sikatai michango. Kanisa haliezekwi kwa maneno, na mwinjilisti naye anakula. Mtunza hazina awe na siku yake, akae mezani, watu waende kwake. Lakini ziara ya kumtazama mtu na ziara ya kudai zisiwe ziara moja. Ukizichanganya, watu wataanza kujificha wakikuona. Nimeona watoto wakitumwa mlangoni kusema mama hayupo, na huku moshi unatoka jikoni.

Sisi wa elimu ya watu wazima tunalijua jambo hili kutokana na kazi yetu. Alikuwapo mwalimu mmoja wa Brazil, jina lake Paulo Freire, aliyezaliwa mwaka 1921 katika mji wa Recife. Yeye hakuanza kufundisha wakulima na vibarua kwa kuwapa herufi. Kwanza walimu walikwenda kukaa na watu na kuwasikiliza. Walitafuta yale maneno ambayo watu wenyewe waliyasema kwa uzito: maneno ya kazi, ya nyumba, ya njaa. Masomo yakatengenezwa kwa maneno hayo. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, karibu watu 300 walifundishwa kusoma kwa njia hiyo kwa muda mfupi sana. Mwaka 1964 wanajeshi walichukua serikali ya Brazil. Freire akafungwa, kisha akaihama nchi yake. Na ni nani waliompa kazi? Kuanzia mwaka 1970, kwa karibu miaka 10, alifanya kazi katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Geneva. Katika miaka hiyo alifika Tanzania pia. Kwa hiyo mtu aliyewafundisha walimu kusikiliza alikuwa mtumishi katika ofisi ya makanisa. Sijui kama wazee wetu wa kanisa wameambiwa hivyo.

Sisi wenyewe mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Wazee waliosoma wakati ule wanaikumbuka. Karibu watu milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakazungumza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Tazama jinsi kazi ile ilivyopangwa. Redio inasema, lakini redio haisikii. Ukiiambia kwamba kwenu mwamba uko juu na shimo halichimbiki, haikujibu. Kwa hiyo kila kikundi kiliwekewa kiongozi aliyefunzwa. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu na kuwaacha waseme wenyewe. Bila mazungumzo yale, kipindi cha redio kingepita hewani na vyoo visingechimbwa.

Mimbari ni kama redio. Haina ubaya, ina kazi yake. Lakini mimbari haisikii. Mahali pa kusikia ni kwenye jumuiya, pale watu 10 au 15 wanapokutana nyumbani kwa mwenzao. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi, wakakazia kwamba kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogo ndogo kama hizo. Makanisa mengine nayo yana mikutano yao ya nyumbani. Na juzi juzi, kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, marehemu Papa Fransisko aliitisha Sinodi iliyoanza na agizo la kuwasikiliza waumini parokiani kwanza, kabla ya maaskofu kukutana Roma. Ni mpango mzuri. Lakini tuseme kweli: mara nyingi jumuiya zetu zimegeuka kuwa mimbari ya pili. Mwenyekiti anasoma neno, anafafanua neno, anatangaza mchango, anafunga kwa sala. Watu wameketi saa nzima na hakuna aliyeulizwa kitu. Kisha tunashangaa kwa nini wanaume hawaji.

Viongozi wengine hunijibu hivi: "Tukimsikiliza kila mtu, kazi itafanyika lini?" Ni swali la haki. Jibu lake liko katika Biblia wanayoishika wao wenyewe. Musa aliketi kuwasikiliza watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka Yethro mkwewe akamwambia kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu. Yethro hakumwambia aache kusikiliza. Alimwambia agawe kazi, awepo mkuu wa elfu, wa mia, wa hamsini, na wa kumi. Kwetu Tanzania jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Sisi tuna mjumbe wa nyumba kumi.

Lakini sura ambayo ningependa kila mzee wa kanisa aisome mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa sasa anajua kusoma, ni ya sita katika Matendo ya Mitume. Kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilikuwa na watu wa lugha mbili, waliosema Kiebrania na waliosema Kiyunani. Chakula kiligawiwa kila siku. Wale wa Kiyunani wakanung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Ni manung'uniko ya kawaida kabisa. Hata hapa yapo, mahali popote penye mahindi ya msaada na orodha ya majina.

Mitume wangeweza kusema, hawa ni wachochezi. Wangeweza kusema, wajane wote ni sawa, tusilete ukabila kanisani. Maneno hayo tunayasikia sana, na yanasemwa hasa na wale ambao wajane wao wamepata. Mitume hawakusema hivyo. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague wanaume saba. Sasa soma majina ya wale saba polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Kazi ya kugawa chakula ilipewa watu wenye majina ya upande ule uliolalamika. Hapo ndipo unajua kwamba manung'uniko yalisikika.

Tuligeuze kwetu. Kuna sharika ambazo wazee wote wa kanisa wanatoka katika kabila moja au mbili zilizotangulia kufika. Wahamiaji wamejaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mama wa Kisukuma anajua Kiswahili cha sokoni cha kuuzia maziwa. Lakini Kiswahili cha kueleza uchungu wa moyo hana. Nani atamsikiliza? Sisemi kila mzee ajifunze lugha sita. Lakini mzee anayeweza kusema "kamwene" kwa Mhehe na Mbena, na "mwangaluka" kwa Msukuma asubuhi, tayari amefungua mlango. Na pale lugha inapokwama, aende na mtu wa lugha ile, mtu mzima anayetunza siri, asiwe mtoto wa yule mama.

Tumezoea kusema, wengi wape. Ni desturi nzuri ya kumaliza kikao, lakini kuhesabu mikono si kusikiliza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali iliwauliza Watanzania kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilishauri vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Tunaweza kubishana juu ya uamuzi ule mpaka kesho. Lakini wale 20 hawakuweza kusema kwamba hawakusikiwa.

Kuna pia kusikiliza kwa uongo. Mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliwapokea watu waliolia juu ya mzigo wa baba yake. Akawaambia waende, warudi baada ya siku tatu. Akawauliza wazee, akawauliza na vijana. Ukitazama kwa nje ni kiongozi anayefuata taratibu zote. Kisha akawajibu kwa ukali kwamba atawaongezea mzigo. Makabila kumi yakamwacha. Vikao vya namna hiyo tunavijua. Mnaitwa mtoe maoni juu ya kiwanja cha kanisa, na huku matofali yamekwisha kushushwa.

Katika mkoa wetu wa Mbeya tumeona jinsi jambo linavyoweza kukua. Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kilutheri ilikuwa na mgogoro, na moja ya mambo yaliyogombaniwa ni kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini. Waumini waligawanyika. Mwaka 2022 akachaguliwa askofu mwingine. Sitaki kuhukumu ni nani alikuwa na haki, na si kazi yangu. Naona hili tu: ikiwa ugomvi unaweza kufika kwa askofu, basi kwa mzee wa kanisa wa kijijini uko karibu zaidi, na ni afadhali usikilizwe ungali mdogo.

Jambo jingine ni siri. Kijiji ni kidogo. Mama akimweleza mzee wa kanisa shida ya ndoa yake jioni, na kesho yake habari ikawa imefika kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mama huyo hatasema tena maisha yake yote. Na si yeye peke yake. Wote waliokuwa kwenye foleni ya mashine wamejifunza kunyamaza. Mzee wa kanisa asimwambie hata mke wake. Najua ni vigumu. Mchungaji mwenyewe aambiwe tu ikiwa mwenye shida ameruhusu, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini, kama mtoto anaumizwa. Hapo asinyamaze, aende kwa wanaohusika.

Tena mtu akisema shida yake, usimkimbilie kwa mstari wa Biblia. Mstari upo, hautakimbia. Kwanza mrudishie maneno yake: "Mama, nimekusikia unasema maji hayakufika, na baba hajaleta habari. Ni hivyo?" Mara nyingi atajibu, "Ndiyo, lakini si hilo tu." Hapo umefika mahali ambapo wale wazee wawili hawakufika. Na ukimwahidi jibu, lirudishe. Hata kama kikao kimesema hapana, rudi umwambie hapana kwa kinywa chako. Watu wa Usangu wamezoea kungoja zamu ya maji, wanajua kungoja. Lakini anayengoja zamu anataka kujua kama ni leo usiku au wiki ijayo.

Waumini nao nina neno nao. Kiongozi hawezi kusikia yanayosemwa bombani wakati yeye hayupo. Kama kuna jambo, msemesheni uso kwa uso, na kama mnamwogopa, nendeni wawili. Wanawake hasa, ninyi mnaopandikiza mpunga huo na kuupalilia, kikao kikiwekwa saa ambayo mko shambani, semeni kwamba saa hiyo haifai. Haitoshi kuulizwa siku inayofuata kwa nini hamkuja.

Mavuno yanakaribia. Huu ndio wakati wazee wa kanisa wanapogawana nyumba za kutembelea. Ningeomba mwaka huu waanze na zile nyumba ambazo daftari linaonyesha kwamba hazijatoa kitu. Waende wawili wawili, jioni, baada ya watu kurudi kutoka majarubani na kuoga. Na katibu abaki kwake na daftari lake.